Nyeupe ya kijivujivu: jinsi ya kuitaja, kuichanganya na kuipaka mpaka ifanane na ile iliyo kichwani kwako

Wadau habari za sa hizi. Hili nawaandikia hasa wale wanaomalizia nyumba huku Kigoma mwisho wa reli, Mwanga, Gungu, Ujiji na kwingineko, ambao wanataka ukuta mweupe lakini sio ule mweupe pe unaoumiza macho saa saba mchana, na wala hawataki kijivu cha plasta ambayo bado haijaguswa, wanataka ile ya katikati. Mtu anajua kabisa anachokitaka, afu anafika dukani anasema "nipe nyeupe flani hivi imepoa", muuzaji anampa krimu, fundi anapaka, na baada ya wiki nyumba nzima inavuta njano na lawama zote anabeba fundi.

Ukisema nyekundu tunaelewana, hata damu ya mzee kila mtu anaijua. Ila nyeupe yenye ujivu haina jina moja la kutosha. Dukani watakuambia ofuwaiti, na hiyo ofuwaiti inabeba kila kitu, kuanzia rangi ya maziwa mpaka rangi ya vumbi la njiani. Kinachofanya kazi ni kutaja kitu ambacho wewe na fundi wote mnakijua, afu useme kiko kwenye hali gani, kibichi au kikavu, kipya au kimezeeka, kimelowa au vipi. Hiyo hali ndo watu wanaisahau, na ndo inayobeba nusu ya rangi.

HATUA YA 1: Jua nyeupe yako inaegemea wapi

Chukua karatasi ya kuprintia, ile nyeupe ya kawaida. Weka kitu chako juu yake, iwe kipande cha kitambaa, kigae, ganda la yai, chochote ulichokipenda. Kikiwa peke yake jicho linakizoea na linakuambia ni cheupe tu, ila kikikaa pembeni ya karatasi ukweli unatoka hapohapo, utaona hiki kinavuta njano, hiki kinavuta bluu, hiki kina wekundu wa vumbi, na hiki ni kijivu chenyewe hakiegemei popote. Kwa kazi ya ukuta hizo pande nne zinatosha kabisa, usijisumbue na majina mia.

Hapa pia tutenganishe maneno mawili ambayo mafundi wengi wanayaelewa vizuri kuliko ofuwaiti. Kitu cheusi au cha rangi kikipigwa na jua kikawa cheupecheupe, hicho kimepauka, kama ngozi isiyopakwa mafuta kipindi cha kiangazi. Kitu cheupe kikipoteza mng'ao kikaenda kwenye kijivu, hicho kimefubaa, kama shuka jeupe lililofuliwa miaka na miaka bila bluu. Ukimwambia fundi "nataka nyeupe iliyofubaa kidogo" ataanza na nyeupe na kushuka, ila ukisema "kijivu kilichopauka" ataanza na kijivu na kupanda, na hazifiki sehemu moja. Kwa hiyo amua mapema.

HATUA YA 2: Chagua kitu cha kutaja

Hapa nitakaa kidogo maana ndo penye utamu.

Jivu. Kila mtu anakimbilia jivu lakini jivu la nani? Kuni ngumu za miombo zikiungua mpaka zikaisha, jivu lake ni jeupe kabisa, linakaribia unga, kwa sababu kaboni yote imeshateketea. Jivu la moto uliozimwa na maji au ambao haukupata hewa linabaki na weusi ndani, hilo ndo kijivu kizito. Kwa hiyo sema "jivu la kuni zilizoungua zikaisha" kama unataka nyeupe, au "jivu la jikoni asubuhi" kama unataka ile iliyokolea.

Dagaa. Sisi wa Kigoma tuna bahati hapa. Nenda Kibirizi asubuhi mitumbwi ikiwa imerudi, dagaa mbichi ana mng'ao wa fedha, huwezi kupaka hiyo ukutani hata ukitaka. Akikaa juani akakauka vizuri, mng'ao unashuka na unabaki weupe wa kijivu uliotulia, ile ni rangi nzuri sana ya sebule na sioni kwa nini hatuitumii zaidi. Akinyeshewa kabla hajakauka anaenda njano mpaka kahawia, na hata bei inashuka. Angalizo: ukitaka ya dagaa mkavu USISEME siliva, utapewa rangi ya geti, ile ya mafuta inayong'aa kama chuma.

Muhogo. Unga wa muhogo uliokaushwa na jua kali ni mweupe, mweupe kweli. Ule uliokaushwa kipindi cha mvua unaota ukungu na unakuwa na kijivu kisichopendeza, huo usiule na wala usiutaje kwa fundi. Ila songa ugali wa ule unga mzuri, ukiiva unabadilika, unakuwa wa kijivujivu unaopitisha mwanga kwa mbali na unanata. Rangi ya ugali wa muhogo uliopoa kwenye sahani, mimi nasema ndo nyeupe ya kijivujivu yenyewe, na hakuna mtu wa mkoa huu utakayemtajia asiijue. Wageni kutoka Dar watacheka, waache wacheke.

Chumvi. Kule Uvinza kwenye zile chemchemi za maji ya chumvi watu wamekuwa wakipika chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000, na mpaka leo chumvi inatoka. Chumvi ya punje kubwa ikiwa kavu ni nyeupe, ikishika unyevu inakuwa na ujivu wa maji maji hivi unaoelekea bluu. Hiyo taja kwa ajili ya bafuni au jikoni, sebuleni itakuletea ubaridi.

Bati. Bati jipya linawaka, likikaa miaka linafubaa linakuwa na kijivu cheupe cha unga kwa sababu ile zinki ya juu imeshikana na hewa. Na kama umenunua mabati ukayarundika yakiwa yamelowa, utakuta yana madoa meupe kama unga katikati ya bati na bati, ile ni kutu ya zinki, sio chokaa. Yatenganishe, yakauke, yapitishe upepo. Hilo nimelichomekea tu, ila wengi linawakuta masika.

Saruji. Saruji ya kawaida ni kijivu sababu ina chuma ndani, ile nyeupe inatengenezwa na malighafi zenye chuma kidogo sana. Plasta mbichi ni kijivu kizito, ikikauka inapanda inakuwa nyepesi, ndo maana usichague rangi kwa kuilinganisha na plasta ambayo bado ina maji.

Pembe. Zamani misafara ya pembe za ndovu ilitoka Ujiji ikapita Tabora mpaka Bagamoyo, kwa hiyo rangi ya pembe babu zetu waliijua vizuri, ila tuseme ukweli hiyo inavuta njano, ni ndugu wa krimu. Hapa haituhusu.

Mvi. Hii ni ya kipekee. Kichwa chenye mvi ukikitazama kwa mbali unasema kijivu, ukisogea unaona nywele nyeupe na nyeusi zimechanganyika, jicho ndo limezichanganya. Kule Gombe, mtafiti Jane Goodall alipofika Julai 1960, sokwe wa kwanza kumzoea alimpa jina David Greybeard kwa sababu ya ndevu zake za mvi. Sasa ukutani jambo hilohilo linatokea: ukuta wa plasta ya rafu una vishimo vingi na kila kishimo kina kivuli chake, kwa hiyo rangi ileile ya kopo lilelile ukiipaka kwenye ukuta wa rafu itaonekana imekolea kuliko ukiipaka kwenye ukuta uliopigwa skimu ukalainika. Kama nje ni rafu na ndani ni skimu na unataka zifanane, ya nje iwe nyepesi zaidi kidogo.

Vitu vya kuepuka kutaja ni ukungu wa ziwani, moshi, wingu na mbalamwezi. Vinapendeza kwenye shairi ila huwezi kuviweka kwenye bahasha ukaenda navyo dukani. Kama kitu hakibebeki, tafuta kingine.

HATUA YA 3: Angalia mwanga wa nyumba yako kabla hujalipa

Nyeupe ya kijivujivu haina rangi yake yenye nguvu, kwa hiyo inaazima kwa jirani. Chumba kinachotazama ziwani, yani magharibi, jioni jua likiwa linashuka upande wa Kongo ukuta unaenda dhahabu mpaka machungwa, na hapo hata kijivu cha baridi kinapendeza. Chumba chenye mwembe mkubwa dirishani kitakuwa na ukijani. Uwanja wa udongo mwekundu usio na majani unarusha wekundu mpaka kwenye dari, achilia mbali matope yenyewe mvua ikinyesha. Ndo maana watu wengi wanapaka rangi nzito nje kuanzia chini mpaka usawa wa dirisha, na wamefanya la maana, nyeupe yoyote ile huko chini haidumu mwezi.

Usiku ni habari nyingine. Taa ya mwanga wa njano (zile zimeandikwa 3000K au chini) inaifanya nyeupe ya kijivujivu iwe ya maziwa, taa nyeupe ya 6500K inaivuta bluu na nyumba inakuwa kama duka la dawa. Kama taa zipo tayari chagua rangi kufuata taa, kama hazipo ni rahisi kubadili balbu kuliko kupaka upya.

Na hili la kutumiana picha kwenye simu, jamani. Kamera ya simu inarekebisha weupe yenyewe bila kukuuliza, ukipiga ukuta peke yake inaamua ni mweupe na inakutumia mweupe. Kama lazima utume picha kwa ndugu aliyeko Dar akununulie, bandika ile karatasi nyeupe ukutani na uipige humohumo kwenye picha, mchana, kivulini, bila flashi. Hapo aliyeko upande wa pili ana cha kulinganishia.

HATUA YA 4: Kuchanganya

Kama duka lina mashine ya kuchanganya na kadi ya rangi, chagua kwenye kadi, andika namba, basi. Wengi wetu tunachanganya kwa mkono, na inawezekana kabisa.

Unahitaji rangi nyeupe ya maji, rangi kali ya kuchanganyia nyeusi, na kidogo ya njano ya udongo au kahawia. Ndoo safi, mti wa kukorogea, na kopo dogo la majaribio. Zote ziwe za aina moja, usichanganye rangi ya maji na ya mafuta hata kwa bahati mbaya.

Siku zote weka nyeusi ndani ya nyeupe, usianze na nyeusi ukaongeza nyeupe, maana nyeusi ina nguvu sana, utamwaga galoni zima la nyeupe na bado itakuwa kijivu. Na usiidondoshe moja kwa moja kwenye ndoo kubwa. Chota nyeupe kidogo kwenye kopo, koroga nyeusi humo mpaka iwe kijivu cha kueleweka, afu hicho kijivu ndo unaongeza taratibu kwenye ndoo huku unakoroga mpaka chini kabisa. Ukifanya hivi huwezi kupitiliza kwa tone moja.

Nyeusi na nyeupe peke yake zinatoa kijivu cha baridi, kinachovuta bluu, ya chumvi iliyolowa. Ukitaka ya ugali wa muhogo au ya dagaa mkavu ongeza chembe ya njano ya udongo au kahawia, chembe tu, utaona inapoteza ubluu na kutulia. Ukiona imekuwa krimu umezidisha, irudishe na kijivu kidogo.

Halafu, na hapa fundi wako akikataa badilisha fundi: changanya rangi ya kazi yote kwa mara moja. Galoni zote mimina kwenye ndoo moja kubwa, koroga, ndo muanze. Ile ya kuchanganya galoni la leo na kesho kuchanganya lingine kwa macho haijawahi kufanana, na ukuta utakuonyesha mpaka wake kila ukiamka.

Hesabu ni hivi. Chumba cha mita 3 kwa 4, kimo mita 2.7, kuta zote ni mita za mraba 37.8, toa mlango na dirisha unabaki na kama 34. Koti mbili ni 68. Kwenye ukuta laini lita moja inafunika kama mita za mraba 10 kwa koti moja, kwa hiyo kama lita 7, nunua galoni mbili za lita 4 na ubaki na ya akiba. Ukuta wa rafu unakula zaidi, ongeza.

HATUA YA 5: Jaribu, tena kwa koti mbili

Usijaribu kwa kidole. Paka kipande cha boksi gumu au plaiwudi, kama nusu mita kwa nusu mita, koti mbili, kikauke kabisa, afu kihamishe chumba kwa chumba, kiweke ukuta wa dirishani, kiweke kona yenye giza, kiangalie asubuhi, mchana na usiku taa ikiwa imewaka. Rangi ya maji ikikauka mara nyingi inakolea kidogo kuliko ilivyokuwa kwenye ndoo, kwa hiyo ikiwa ndooni tayari unaiona imefika, ujue imepita.

Siku ya kukagua wewe na fundi mnaelewana hivi tu, yeye anaanza:

– Mama, hii si nyeupe kama ulivyosema?
– Mwanangu, weka karatasi hapo pembeni. Unaiona?
– Aah, inavuta njano.
– Basi nirudishie kidogo kwenye jivu, usiongeze nyeusi tupu.

HATUA YA 6: Kwa wanaotumia chokaa

Chokaa bado ni rafiki wa mwenye bajeti ndogo na inapendeza kuliko watu wanavyodhani. Chekecha, loweka kwenye maji usiku kucha, weka chumvi kidogo isaidie kushika, chuja, paka nyepesinyepesi koti mbili tatu badala ya moja nzito ambayo itabanduka. Ikiwa mbichi inaonekana kijivu na kama haijafunika kitu, usiogope wala usiongeze, ikikauka inapanda weupe mara nyingi zaidi. Ukitaka nyeupe kali weka bluu kidogo ya kufulia, ukitaka ya kijivujivu acha bluu, weka saruji ya kawaida iliyochekechwa, kidogo mno, na ujaribu pembeni kwanza.

Chokaa inaunguza. Vaa glavu, linda macho, watoto wakae mbali na ndoo, na ikiingia jichoni osha kwa maji mengi safi muda mrefu na uende hospitali.

Na msichanganye mambo: chokaa juu ya rangi ya mafuta haishiki, na rangi ya maji juu ya chokaa inayotoa unga inabanduka yote kama ganda. Kwangua, piga msasa, futa vumbi, paka praima, ndo uendelee.

HATUA YA 7: Weupe usiouomba

Plasta mpya ipe kama wiki 4 ikauke kabla ya rangi. Usipoipa, chumvi zilizo ndani ya ukuta zinatoka na maji na kuacha unga mweupe wa kijivu juu ya rangi yako nzuri. Ule unga usiuoshe na maji maana unayeyuka na kurudi ndani, piga brashi kavu, tafuta maji yanakotoka (mara nyingi ni chini, msingi hauna nailoni ya kuzuia unyevu, au bomba linavuja), ukuta ukikauka ndo upake tena. Kama ni madoadoa ya kijivu cheusi yanayonuka uvundo hiyo ni fangasi, dawa yake nyingine kabisa, anza na kufungua madirisha.

Ukishamaliza, jaza rangi iliyobaki kwenye kopo dogo linalofungwa vizuri, na juu ya mfuniko andika chumba, tarehe, aina ya rangi na vipimo ulivyotumia kuchanganya. Ujumbe wa kumwachia fundi uwe mfupi tu, mfano: "Fundi, sebule na korido nyeupe ya dagaa mkavu, isivute njano, isiwe siliva, koti mbili, changanya zote ndoo moja, kipande cha boksi nimekiacha nyuma ya mlango kifuate hicho." Vyumba vya watoto muwaachie wachague wenyewe, huko hakuna kijivujivu kitakachopita.